Kreti za Nyongo

Miaka ishirini na sita nilihesabu chupa Khayega,
ghala la soda, mlango wa bati, penseli sikioni.
Chupa ilitoka imejaa, ikarudi tupu,
ikaoshwa, ikajazwa, ikatoka tena.
Katika mia, tisini na tano zilirudi.
Tano zilipotelea matangani, mitaroni,
au kwa akina mama wa mafuta ya taa.
Hizo tano tu ndizo tulizonunua upya.

Kwa hiyo Daktari Jerotich aliponichorea ini
nyuma ya karatasi ya maabara,
nikamwambia, ngoja. Ghala hilo nalijua.

Ini huchukua kolesteroli, hupika nyongo,
huituma utumboni ikavunjevunje mafuta,
na huko chini, utumbo mwembamba unapokwisha,
kuna karani kama mimi, mbahili,
huokota kila tone, hulirudisha.
Ini halinunui. Latumia ya jana.
Na kolesteroli isiyo na kazi yarandaranda damuni
kama vijana wa stendi saa nne asubuhi,
yaegemea kuta za mishipa
mpaka kuta zinenepe.

Watu wa pwani husema nyonda hukalia ini.
Langu lilikaliwa na ngozi ya kuku.

Vidonge vya kwanza vilinikaza mapaja.
Sasa nakunywa unga,
mchanga mtupu wa mto Isiukhu,
hauyeyuki hata uukoroge mpaka kesho.
Roselida huutia kwenye maji ya nanasi
akasimama mlangoni mpaka nimalize.
Damuni hauingii hata chembe.
Huikamata nyongo njiani
na kushuka nayo hadi chooni, basi.
Haubagui: nikisahau na kumeza dawa ya presha pamoja nao,
nayo huibeba.
Na tumbo, siku nyingine, limefungwa
kama ofisi ya chifu Ijumaa mchana.

Karani angoja. Kreti hazirudi.
Ini lashtuka, lafungua milango ya nyuma,
laita wale walioegemea kuta:
njooni ndani, kuna kazi.

Mrenda nao hufanya hivyo, asema daktari,
ule utelezi wake, na maganda ya wimbi,
taratibu zaidi, bila risiti.
Sitasema mama yangu Khavere alijua.
Hakujua. Mrenda uliota wenyewe kando ya mahindi
na nyama ilikuwa Krismasi.

Lakini ini ni mfanyabiashara.
Likiona akiba yapungua, huwasha kiwanda chake usiku,
hutengeneza kolesteroli yake lenyewe.
Silaumu. Mwaka ule soda iliadimika
niliagiza kreti mia mbili kwa woga,
zikajaa mpaka kwenye choo cha wafanyakazi.
Ndiyo maana unga peke yake hautoshi,
ndiyo maana Jumapili mkwe akileta kuku
mimi napewa shingo, imechunwa,
na wajukuu wananitazama nikiinyonya.

Saba nukta moja. Miezi mitano baadaye, tano nukta sita.
Nimeiandika ukutani kwa penseli.

Siku hizi soda huja kwa plastiki, hairudi.
Ghala langu linauza saruji.
Ila usiku, baada ya unga, namfikiria yule mwingine,
huko chini gizani, daftari mkononi,
anayehesabu, anayerudia kuhesabu,
asiyejua nani amwambie
kwamba lori halitakuja.