Mvuruga Maji

Wengine waliitwa marubani, wengine mafundi.
Mimi, Hinnerk Dallmann, miaka kumi na sita,
niliandikwa daftarini: kijana wa motaboti.
Kazi yangu ilikuwa kuyavuruga maji.
Usicheke. Sikiliza kwanza.

Ndege yetu haikuzaliwa mwalimu.
Ilichorwa iende vitani, ibebe mabomu mawili,
lakini ilipopimwa ikaonekana nzito, mvivu wa kupanda,
na makao makuu wakaleta barua fupi: haifai.
Isiyofaa kuua ikapewa kufundisha.
Bwana Lüdeke, mchoraji wake, hakununa.
Aling'oa kiti cha mpiga bunduki, akaweka usukani wa pili,
akauunga na wa kwanza kwa waya,
mkono wa mwalimu ukawa ndani ya mkono wa mwanafunzi.

Shida ilikuwa viatu.
Viatu viwili vya mbao, virefu kama mitumbwi,
na maji ya Baltiki yananata;
yakishashika ubao hayaachi,
hung'ang'ania kama mdai mlangoni.
Injini ilinguruma, pangaboi likazunguka,
ndege ikakimbia ghuba nzima bila kuinuka,
ikafika ng'ambo, ikageuka kwa aibu, ikarudi.
Mara nne. Ya tano, kiatu cha kushoto kikazama pua.
Lüdeke alikaa gatini na msumeno siku mbili.
Akachonga kidato chini ya kila kiatu,
kidato kimoja tu, kina cha kiganja,
hewa ipate pa kuingilia, maji yaachie.
Kidato kimoja, na shule nzima ikasimama juu yake.
Siku ilipoinuka hatukupiga makofi.
Tulikwenda kula: supu ya tanipu, kama jana.

Dada yangu Wiebke alishona mbawa.
Kitani, sindano ya kupinda, kisha vanishi
iliyonuka kama peremende zilizooza.
Hata mkate wake ulinuka ndege.

Wanafunzi walikuja kwa treni kila Jumatatu,
wana wa waoka mikate, wa wachunga ng'ombe, mmoja wa kasisi.
Nusu yao hawakujua kuogelea.
Mwalimu Reimers aliwaambia:
"Mawimbi msiyaogope. Mawimbi mnayaona.
Ogopeni bahari ikiwa kioo."

Maana maji yakilala kabisa hayana uso.
Rubani akitazama chini anaona mawingu,
hajui amebakiza mita kumi au moja.
Ndipo nilipowasha motaboti, nikapita mbele yake,
nikachora mstari wa povu
kama anayekwaruza kioo ili kionekane.
Hapa, lilisema povu, dunia inaanzia hapa.

Asubuhi moja ya Mei motaboti ilikataa kuwaka.
Nilizungusha mkono wa chuma, nikafuta plagi, nikatukana.
Juu yangu alikuwa Tjark Ohlendorf, mara yake ya kwanza peke yake,
mfuko wa mchanga kwenye kiti cha Reimers.
Alizunguka mara tatu akinisubiri.
Nilimwona akichungulia.
Petroli haisubiri.
Akashuka taratibu, vizuri, kama alivyofundishwa,
akaingia mbinguni kupitia chini.

Kisha ghuba ikapata mawimbi.

Injini ilitolewa, ikakaushwa, ikafungwa katika ndege nyingine.
Wiebke alipewa kitani kipya. Hakuuliza cha nini.
Hakuna aliyenilaumu; hilo ndilo sikulisamehe.

Vita vilipokwisha wakaja maofisa wenye orodha,
wakaamuru zikatwe zote. Mashoka yalikuwa yetu wenyewe.
Kiatu kimoja nilikiomba.
Ndama wa mama walikinywea maji miaka kumi na mmoja,
na kidato cha Lüdeke kiko chini, kwenye matope,
hakiinui kitu.

Mpaka leo, nikipita kando ya ziwa lililolala,
hutupa kijiwe kwanza.
Mjukuu wangu hudhani nacheza,
naye huokota chake.