Soma Kwanza

Waombaji watano walikuja Cardiff siku ile ya mvua:
anatafutwa wa kuishauri serikali
juu ya maadili ya utafiti.
Wanne walitia saini fomu yangu wakiwa wima,
macho kwenye lifti.

Wa tano, Bi Eluned Prosser, alivuta kiti.
Akavaa miwani. Akasoma.
Mwavuli wake ukatiririsha maji zuliani.
Wakapiga simu kutoka juu: Yuko wapi?
Nikasema, Yuko ukurasa wa pili.

"Hiki kifungu cha sita,
picha yangu mtakaa nayo miaka mingapi?"
Miaka tisa nimeketi hapa, sikujua.
Fomu nilizigawa kama njugu.

Nikamkumbuka mamangu, gumba lake kwenye wino,
daktari akisema ni dawa ya majaribio tu,
naye akiitikia kwa adabu, si kwa kuelewa.
Adabu ikaandikwa ridhaa.

Akakipiga mstari kifungu. Akatia saini. Akapanda.

Kama walimwajiri, mimi sikuambiwa.
Ila Jumatatu, mgeni aliponyoosha mkono achukue kalamu,
niliishikilia kidogo.
Soma kwanza, nikamwambia.
Lifti itarudi.