Upepo wa Ndani

Daktari Nafuna aligeuza skrini, nikajiona:
utumbo wangu mpana, mweusi kwa hewa,
na ubavuni mwake, kushoto chini,
vifuko vidogo kama mbegu za papai
zilizosukumwa nje ya ngozi yake.
"Kumi na viwili," akasema. "Vinavyohesabika."

Mimi ni fundi wa pancha, Barabara ya Kirinyaga,
kando ya duka la beringi.
Mwaka wa thelathini na moja huu, nauza upepo.
Sikuhitaji mchoro.
Tairi likichoka nyuzi huvimba ubavu.
Si lazima msumari, si lazima jiwe.
Presha ni ile ile ya jana,
ila pale nyuzi zilipoachana
mpira hujitokeza, ukachungulia barabara
kama mtoto dirishani.

Nikamweleza hivyo. Akaweka kalamu chini.
"Kwenye utumbo ni pale mshipa wa damu
unapoipenya misuli. Hapo ukuta hulegea."
Shimo la valvu, basi.
"Haya," akasema. "Shimo la valvu."

Na upepo? Nani aliyeutia?
"Vijidudu. Chakula kikichacha huko ndani
hutoa gesi, kama pombe ya mtama kwenye mtungi.
Wapo wanaosema gesi hiyo ndiyo isukumayo.
Wapo wanaosema ni umri, au ni sembe iliyokobolewa
mpaka ikawa nyeupe kama chokaa,
au ni damu ya ukoo."
Na wewe, daktari?
"Mimi nasema hatujajua."

Nilimpenda kwa neno hilo.
Kwangu wateja hufika na majibu tayari
na gari halijapanda jeki.

Lakini nikiwa peke yangu nahesabu nilivyobana.
Nimebana ukweni Mwala, mbele ya sinia la wali,
mama mkwe akinisifu kwamba nimetulia.
Nimebana kwenye lifti, ghorofa kumi na sita,
na mwanamke mwenye maua.
Nimebana mazishini saa nne nzima,
mhubiri akisema roho ni pumzi,
na mimi na pumzi yangu tukitazamana.
Nimebana kwenye mkutano wa chama, kiti cha plastiki,
tako moja juu, moja chini, nikipiga kura ya ndiyo
nisijue nimekubali nini.
Heshima hizo zote zilikwenda wapi?
Daktari anasema hana ushahidi kwamba kubana kunatoboa mtu.
Sawa. Ila mimi najua tyubu.

Usiku ule wa Juni kifuko kimoja kiliwaka.
Homa, na kisu pale kushoto.
Kalekye alinivalisha viatu, kulia kushoto, kushoto kulia,
akisema, mficha maradhi kifo humuumbua,
na wewe ulisema ni chapati.

Havirudi ndani, vifuko hivi.
Tairi lililovimba sisi hulitoa, tukaweka jingine.
Mimi sina jingine.
Napunguza mzigo: maji, matembezi hadi Ngara na kurudi,
muthokoi na maharagwe badala ya sembe,
kidogo kidogo, alivyoagiza, homa ilipokwisha.

Asubuhi natumbukiza tyubu kwenye karai,
naizungusha polepole, natafuta povu.
Panapobubujika ndipo penye ugonjwa;
unapakwaruza, unapaka gundi, unabandika kiraka.
Natazama maji yakitulia
na kuwaza karai la ukubwa wangu.

Wiki ya kwanza ya maharagwe, taa zimezimwa,
sikubana.
Kimya kirefu upande wa pili wa kitanda.
Kisha Kalekye, kwa sauti ya mteja mwenye haraka:
"Hiyo ilikuwa geji ngapi?"
Thelathini na mbili, nikasema, gurudumu la mbele.
Akageukia ukuta.
Blanketi likawa linatikisika,
likatikisika,
nami nikaongeza ya nyuma.