Alhamisi, Saa Mbili Usiku

Miaka kumi na moja nimeshona huku natazama.
Ukiona sare ya shule hapa Kibaigwa kola imepinda,
jua ilikuwa Alhamisi, Bosko kapiga magoti
kwa mara ya nne, au ya tano, nani alihesabu,
na Anzelma kasema ngoja kwanza, maziwa yanachemka.

"Kota Namba Tisa." Watu walijaa mpaka barazani:
wapakiaji wa soko la mahindi, vumbi la magunia kwenye nyusi,
Mama Sechelela na sinia lake la karanga,
na Ndahani fundi redio, kigoda kile kile,
mgongo kauegemeza kwenye cherehani mbovu.

Halafu wakaimaliza.

Wakaimaliza kama fundi anavyomaliza nguo ya mteja asiyelipa.
Miaka mitano ikarukwa, kurasa zilizogandana kwa uji,
Anzelma akatokea na daktari wa meno kutoka Tabora,
mtu tuliyemjua wiki mbili, mtu asiye na utani hata mmoja.
Bosko akapunga mkono, akapanda lori lake.
Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, na sisi bado tunasubiri.

Mama Sechelela alirusha maganda kwenye kioo.
"Yaya we! Kumi na moja! Mimi humo nimezaa wawili,
nimezika mume, nimejenga na choo,
huyu mwanamke anasubiri maziwa!"
Wapakiaji walisema Bosko kaporwa mchana kweupe,
isipokuwa Chilewa, aliyesema Bosko alistahili,
mwanamume anayeomba radhi kwa kuimba ni wa kuogopwa.
Walimtania wiki nzima. Walimwita Meno.

Mimi nilimlilia Fadhila na Mwalimu Kito wake.
Hao hawakuwa na mtetezi. Hawakuwahi kufukuzana stendi,
hawakurushiana sahani.
Nyuma kabisa ya picha, wakati maneno ni ya wengine,
Kito alikuwa anamenya chungwa, anampa nusu.
Tazama vizuri, utaona: kila kipindi, nusu kubwa.
Wakaachanishwa kwa sentensi moja, kwenye simu,
na mtu aliyekuwa akiulizia bei ya mkaa.
"Kito? Aa, hao waliachana zamani." Basi.
Gunia shilingi ngapi?

Ndahani hakusema kitu. Alisubiri wengine watoke,
akakifuta kigoda kwa kiganja
kama anayerudisha kitu cha kuazima.
Nikamwambia mwisho umenifaa, ndivyo dunia ilivyo, watu huenda.
Nilisema hivyo kwa kuwa alishafika mlangoni,
na ulimi wangu ukibanwa humtetea adui.

"Mwisho mbovu," akasema. "Waandishi wameogopa."
"Wameogopa nini?"
"Kuwaacha tu wakae."

Alhamisi iliyofuata palikuwa na upepo,
ule wa Agosti, unaokuletea mlangoni makapi ya soko zima.
Runinga ikaonyesha mashindano ya mapishi. Hakuja mtu.
Nilishona kola ishirini, zote zimenyooka,
na sikuipenda hata moja.

Ya pili nikawasha, nikazima.
Kigoda nikakirundikia vitambaa, kisionekane.

Ya tatu, saa mbili na dakika kumi:
"Mbukwa."
"Mbukwa."
Mkononi ana suruali ya kijivu, imekunjwa kama barua.
Nikaigeuza nje ndani, nikaipitia mshono kwa mshono chini ya taa.
Haikuchanika popote. Hata kifungo hakikulegea.
"Pindo," akasema, akitazama rundo la vitambaa.
"Nahisi kama pindo."

Nikaondoa vitambaa.
Nikachukua wembe, nikalifumua pindo lote,
mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka,
nikalishona tena pale pale lilipokuwa.