Pishi Tatu za Pete

Msimu wa karafuu Mize alianika zake upande wa kibla,
nami nikaanika zangu upande wa choo,
jamvi kwa jamvi.
Zake nyekundu zikielekea weusi,
zangu nyeusi tangu dukani:
waya wa kufungia nondo,
nimeuzungusha kwenye chuma chenye unene
wa kidole cha mwisho cha Mize (nilimpima kalala),
nikaukata, pete kwa pete,
nikazipima kwa pishi yake.
Jirani akachungulia uani:
"Na hizo, Mbarouk, wanachukua kwa bei gani?"

Miezi minane.
Kila pete niliibamiza ncha, nikaitoboa,
nikaipiga ribiti ndogo kama yai la chawa.
Kila pete hushika wenziwe wanne,
na wanne hao, kila mmoja na wanne wake,
mpaka ukoo mzima unaning'inia
na hujui tena nani alianza.

Shaame alileta sponji ya godoro.
"Tia hii ndani, nani atakayeona?"
Miye nitaona.
Sponji haikuwapo zama zile.
Nikashona koti la bafta, tabaka kumi na mbili,
pamba katikati, kwa sindano ya magunia,
mpaka likasimama lenyewe pembeni mwa chumba
kama mgeni aliyekataa kiti.
Zipu? Hapana.
Vifungo vya plastiki? Hapana.
"Na miwani?" akauliza Mize.

Hapo sikuwa na jibu.

Hewa ya Wete hula chuma bila kunawa.
Kutu ikaja kabla ya mkono wa pili kwisha,
nikaitia deraya guniani na mchanga na siki,
watoto wakaliviringisha uani toka alasiri,
wakicheka, wakiligombania,
hata ikatoka inameta kama dagaa.

Siku ya kwanza kuivaa nilijaribu rukuu.
Kushuka nilishuka.
Kupanda ndiko kulikokuwa na maneno:
kilo kumi na nne zimenikamata kisogo
kama mkono wa mwalimu wa chuo,
na nywele tatu za kidevu zimebaki kwenye pete.

Kisha Gombani, saa nne ya asubuhi, jua limeshakasirika.
Sisi wa Wete huku, wa Chake kule,
panga butu, ngao za ngozi ya ng'ombe,
wauza ubuyu wamesimama mstari wa mbele.
Bila miwani, Kombo kinyozi alikuwa wingu lenye ngao.
Jasho lilishuka mgongoni, likapita kiunoni, likajaa viatuni.
Na sisimizi mmoja, sijui alifuata harufu ya karafuu
iliyolala miezi minane ndani ya pamba,
akaingia kwa shingoni, akaanza kazi.
Upanga haukupita.
Sisimizi alipita.

Kombo alinipiga bega la kulia.
Pete zote zikalia mara moja, nami sikuanguka.
Watu wakashangilia.
Lakini miguu ilitetemeka, na haikuwa mchezo,
na hapo ndipo nilipomjua yule wa zamani:
si shujaa.
Ni mtu aliyekaa mwaka mzima
akihesabu pahala anapoweza kutobolewa.

Deraya haivuliwi na aliyesimama wima.
Huinama, ukaiachia mikono ielekee ardhini
kama mwenye kumwaga maji ya ndoo,
ikuteleze kichwani, irundikane miguuni,
na ghafla wewe ni mwepesi mno,
unashika ukuta usije ukapaa.
Mize aliniona bega, likiwa zambarau kama bilingani.
Hakusema kitu. Alileta mafuta ya karafuu.

Msimu uliofuata, akichambua makonyo,
alikuta pete moja ndani ya pishi.
Akaipuliza vumbi, akaijaribu kidole cha mwisho.
Ikaingia.
"Hii imepungua wapi?"
Kwapani, nikamwambia, upande wa kushoto.
"Basi una tundu."
Akaendelea kuchambua, pete kidoleni,
na miye koleo nimeiacha juu ya dari.