Nusu Dakika ya Giza

Namba tisini na moja. Namwita kwa kengele,
ingawa namjua tangu enzi za kubebwa mgongoni:
Belarmino Cueto, zamu ya usiku, mgodi wa Santa Olalla,
aliyeshuka mita mia nne chini ya Asturias
pamoja na baba yangu,
na alfajiri moja akapanda bila yeye.
Hatulisemi hilo. Mezani pana fomu.

"Taaluma?"
"Unaijua, binti."
"Kompyuta haiijui."
Katika orodha ya wizara mchimba makaa ameshafutwa.
Nikabonyeza *Mengineyo*.

Mpango wa kwanza ulikuja na waziri, mkasi na utepe:
barabara ya njia nne, taa mpaka mwisho wa bonde.
Barabara nzuri. Watoto wetu waliondoka kwa kasi.

Mpango wa pili ulikuwa mafunzo.
Belarmino akafuzu kuendesha foklifti,
akafuzu kusafisha mabwawa ya kuogelea,
akafuzu kupanga maua, saa mia na themanini,
vidole vile, na waridi.
Etelvina mkewe alivitundika vyeti vyote vitatu
juu ya ufa ambao mgodi uliuacha ukutani.
Ufa umevipita kwa urefu.

Niitoe siri ya ofisi, maana hakuna anayeniuliza:
aliye darasani hahesabiwi.
Hana kazi, lakini si "asiye na kazi".
Kila tulipofungua kozi, grafu iliinama
kama mtu atakaye cha mvunguni.
Tuliinama sana, miaka kumi na miwili.
Mvunguni palikuwa na vumbi.

Ila nisiwe mwongo wa upande wa pili.
Ruzuku ilimwinua Olvido Fanjul, mjane,
leo anauza jibini la mbuzi hadi mjini Oviedo,
ameajiri watano, mmoja mpwa wangu.
Sera si shetani.
Sera ni koti lililoshonwa makao makuu
kwa kipimo cha mtu ambaye hakuna aliyekutana naye;
wachache linawakaa,
wengine tunawakunjia mikono.

Mwaka huu likaja tangazo: *Mwongoza watalii.*
Mahali pa kazi: Santa Olalla.
Mkataba wa miezi tisa, nusu ya mshahara italipwa na serikali.
Umri usizidi hamsini.
Belarmino ana hamsini na nane.
Niliandika arobaini na nane.
Kidole huteleza.

Jumapili nikakata tiketi, euro nane, nisimwambie.
Lifti imepakwa rangi ya manjano, ina viti.
Alikuwa amevaa kofia yake mwenyewe,
ile yenye bonde dogo juu ya sikio la kushoto,
na kwenye fulana, nembo ya idara ya ajira.
Akaeleza winchi, akaeleza farasi waliozeekea chini,
akawachekesha wageni kwa Kiingereza cha kozi ya nne.
Kisha, kama mwongozo unavyoagiza, akazima taa.
"Nusu dakika," alisema.

Mtoto akauliza gizani:
"Hili giza ni la kweli?"
Kimya. Maji yakadondoka mahali.
"La kweli," alijibu. "Vingine vyote ni vya wizara."

Watu wakacheka, wakaacha.
Nikahesabu: thelathini. Arobaini. Sitini na tano.
Hakuwasha.
Nikasikia hatua zake zikienda hadi ukutani,
halafu fundo la kidole kwenye jiwe,
mara tatu, taratibu,
kama mtu anayepiga hodi nyumba anayojua
kwamba mwenyewe yumo.

Taa ikawaka. Akawaonyesha duka la zawadi.

Mkataba unakwisha Machi.
Kozi ya Aprili ni ufugaji wa nyuki.
Nimeshamwekea nafasi,
kwa penseli.