Jedwali la Mwaka Ujao

Praya, Lombok. Mvua imeanza tena juu ya mabati,
nami nina penseli, kifutio, na vyumba kumi na viwili
vinavyotaka walimu kabla ya mwezi wa saba.

Nimeandika Bismillahi juu ya ukurasa
kisha nikaona haya,
maana chini yake nilianza kwa hila:
Lalu Suparjan, mpwa wa mwenyekiti wa wakfu,
Hisabati, darasa la tano.
Kijana ana kisomo kinachotoa machozi.
Lakini nusu na robo zinamshinda,
na sahani ya wali haigawanywi kwa tajwidi.

Hisabati yenyewe iko kwa Zulhaidi.
Miaka tisa, bado wa muda.
Laki tatu za rupia kwa mwezi, zikija.
Usiku anabeba abiria kwa pikipiki,
asubuhi anaingia na mkwaruzo wa helmeti pajini,
jirani na alama ya sijda,
na sijui Mola ataitazama ipi kwanza.
Tumefundishwa ujira utolewe jasho lingali bichi.
La Zulhaidi limekauka, likawa chumvi,
chumvi ikawa ramani mgongoni mwa shati.

Wizara inataka fomu:
mahitaji, sifa, upungufu.
Hakuna safu ya amana.
Niichore pembeni, kwa mkono?
Na Inaq Rumenah, mpishi,
anayewachorea wadogo alifu
kwenye unga wa mchele wakati chungu kinachemka,
yeye nimtie safu gani?

Mume wangu anaita kutoka chumbani:
swali istikhara, ulale.
Niliswali jana. Sikuota kitu.
Niliamka na jedwali lile lile
na kifutio kimekonda.

Basi nimefuta.
Nimeanza na posho yangu ya ukuu;
si yote, nisijidanganye, nusu,
maana mwanangu yuko chuoni Mataram.
Zulhaidi nimemwandika kwa wino.
Suparjan: kisomo, na afike saa moja kama wenzake.
Rumenah: nimeandika "mwalimu",
mraba wa mshahara nimeuacha mtupu,
unanitazama.

Keshokutwa ni shura.
Mwenyekiti atakuja na batiki iliyopigwa pasi
aulize kwa upole, upole wake ule,
nani amegusa orodha.

Nimesahau jambo. Paa la darasa la tano linavuja.
Nalo linataka mtu.
Penseli imebaki kijiti.